Seli Hujua Kolesteroli Ikitosha

Kabla ya mkataba wa 1904 kuwaondoa Wamaasai katika malisho ya Naivasha na Nakuru, sehemu hii ya Bonde la Ufa ilikuwa ya watu walioishi kwa maziwa, nyama na damu ya ng'ombe. Miongo kadhaa baadaye wafugaji wa jamii hiyo waliwashangaza madaktari wa moyo: walikula mafuta mengi ya wanyama, lakini kolesteroli katika damu yao ilikuwa chini. George Mann alieleza hivyo kuhusu Wamaasai wa Tanganyika mwaka 1964. Mwaka 1971 kundi jingine la watafiti wa Marekani lilichapisha matokeo ya kuwapa wanaume wa Kimaasai chakula chenye kolesteroli ya ziada. Ile ya chakula iliingia mwilini vizuri tu. Iliyopungua ni ile ambayo mwili hujitengenezea.

Jibu hilo linatupeleka ndani ya seli. Kila seli ya mnyama imezungukwa na utando mwembamba wa tabaka mbili za molekuli za mafuta. Mtu wa Molo anajua jinsi mafuta ya ng'ombe yanavyoganda sahanini jioni ya baridi, huku ya alizeti yakibaki majimaji. Molekuli za mafuta yanayoganda zina mikia iliyonyooka, za yanayobaki majimaji zina iliyopinda, na utando una mikia ya aina zote mbili. Kolesteroli hujipenyeza katikati: huizuia iliyonyooka isishikamane ikaganda, na huipa uthabiti iliyopinda ili utando usivuje. Katika utando wa nje inaweza kufikia theluthi ya molekuli zote za mafuta, hata zaidi. Ubongo, ambao nyuzi zake za neva zimeviringishiwa tando nyingi, una karibu robo ya kolesteroli yote ya mwili. Kolesteroli ikipungua, utando haufanyi kazi. Ikizidi, hugeuka fuwele na kuiua seli.

Kwa hiyo seli huipima, na naona ajabu kubwa iko mahali inapopimia. Si kwenye utando wa nje, ambako kolesteroli ni tele, bali katika tando za ndani ziitwazo retikulamu ya endoplazimu, ambako ni haba na badiliko dogo huonekana upesi. Humo hukaa protini iitwayo SCAP, imeshikana na nyingine, SREBP. Kolesteroli ikishuka chini ya takriban asilimia 5 ya mafuta ya tando hizo, SCAP huisindikiza SREBP hadi vifuko vya Golgi, ambako vimeng'enya viwili huikata. Kipande chake huingia kiini cha seli na kuwasha jeni za aina mbili: za kutengeneza kolesteroli, na za kutengeneza vipokezi vinavyonasa chembe za LDL, zinazobeba kolesteroli katika damu. Kolesteroli ikitosha, SCAP hushikiliwa palepale na jeni hizo hutulia.

Vipokezi hivyo viligunduliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Walianza na watoto waliorithi kasoro ya vipokezi hivyo kutoka kwa wazazi wote wawili: damu yao hujaa LDL, na mshtuko wa moyo huwapata hata kabla ya kufika miaka 20. Dawa za statini, ambazo mizizi yake ni kuvu aliyoichunguza Akira Endo nchini Japani mnamo 1973, huzuia kimeng'enya kimoja cha kutengeneza kolesteroli. Seli ya ini, ikijiona imepungukiwa, huongeza vipokezi na kuitoa LDL kwenye damu.

Wamaasai wenyewe hawakuwa na kinga kamili. Mwaka 1972 Mann alichapisha uchunguzi wa mioyo ya waliofariki: mafuta yalikuwa yameshika kuta za mishipa, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, jambo alilolihusisha na mwendo wao mwingi wa miguu.

Madukani Nakuru, chupa za mafuta ya kupikia hujisifu kwamba hazina kolesteroli. Mbegu za mimea hazijapata kuwa nayo kwa kiasi cha maana. Cha kusoma kwenye kibandiko ni kiwango cha mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda, kwa kuwa ndiyo yanayopunguza kazi ya vipokezi vya ini na kuiacha LDL ikizunguka. Na mafuta ya kopo yaliyotokana na mawese yanayo kwa wingi, ingawa hayana kolesteroli.