Ukakasi wa Ujana: Ilimu ya Kuonja Mvinyo Mchanga wa Bordeaux

Kila mwaka, mwezi wa Aprili, wanunuzi na waonjaji kutoka pande nyingi za dunia hukutana katika wilaya ya Médoc, kaskazini ya mji wa Bordeaux huko Ufaransa, wapate kuuhukumu mvinyo mwekundu ambao zabibu zake zilichumwa Septemba au Oktoba iliyotangulia, na ambao ungali umelala katika mapipa ya mwaloni yenye ujazo wa lita 225. Mvinyo huo huuzwa kabla ya kutiwa chupani, na mwonjaji anayeombwa rai yake hutakiwa kushuhudia jambo ambalo halijatimia. Kazi hii ni ngumu, lakini ina maarifa ambayo hata msomaji asiyepata kugusa mvinyo, wala asiyekusudia, aweza kuyathamini, kwa kuwa shabaha yake ni moja: kupambanua ukali wa ujana na kasoro ya asili.

Hukumu huanza machoni. Mwonjaji humimina kiasi kisichozidi theluthi ya bilauri, akaiinamisha juu ya kitambaa cheupe, akatazama. Katikati mvinyo huwa mweusi kama wino, na ukingoni huonyesha rangi ya zambarau iliyo wazi. Rangi hiyo hutoka katika ganda la zabibu, nayo ni anthosianini, jamii ya rangi ileile inayoyafanya maji ya rosela kuwa mekundu; na zabibu inayotawala Médoc, Cabernet Sauvignon, ina tunda dogo lenye ganda nene, hata maji yake machache yakapata ganda jingi la kuyatia rangi. Miaka ikipita, rangi hiyo huungana na tanini, zambarau ikafifia, ukingo ukaelekea rangi ya tofali.

Kisha huja zamu ya pua. Bilauri huzungushwa taratibu ili hewa iamshe manukato, na aliyezoea huipata harufu ya matunda meusi, ya mbao ya mwerezi kama penseli iliyochongwa sasa hivi, na ya vanila. Mkaazi wa Unguja au Pemba angenusa pia kitu anachokijua tangu utotoni, kwani mwaloni uliobabuliwa kwa moto huupa mvinyo chembe za eujenoli, kemikali ileile iliyo roho ya karafuu. Lakini manukato ya pipa ni vazi tu, na mwonjaji hutafuta mwili ulio ndani yake. Huihofia harufu moja hasa, ile ya pilipili hoho mbichi, ambayo huletwa na pirazini za zabibu isiyoiva. Gramu moja ikigawanywa mafungu bilioni, mafungu machache tu ya hayo katika lita nzima yatosha pua kuzitambua. Harufu hiyo ikizidi, kukaa chupani hakuiondoi. Hiyo ni kasoro ya asili.

Kinywani ndipo penye kesi yenyewe. Mvinyo mchanga wa daraja la juu hukausha ulimi, hukwaruza fizi na kuyabana mashavu kwa ndani, hata mgeni akadhani ameletewa kitu kilichoharibika. Wasemaji wa Kiswahili wana bahati hapa, maana lugha yao imekwisha kutenga mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: embe bichi na ndimu hutia meno ganzi, na hiyo ni kazi ya asidi, ilhali zambarau na ndizi mbichi hutia ukakasi, na hiyo ni kazi ya tanini. Ukakasi kwa hakika si ladha, bali ni mguso. Mate yana protini zinazoulainisha ulimi kama mafuta yalainishavyo bawaba. Tanini huzishika protini hizo, zikagandamana na kujitenga, ulimi ukabaki mkavu ukisuguana na kaakaa.

Asiyesadiki na afanye jaribio jikoni. Achemshe chai ya rangi mpaka ikolee sana, aionje bila sukari, asikie jinsi kinywa kinavyokauka. Kisha atie maziwa katika kikombe hichohicho, aonje tena. Ukakasi umepungua mno, kwa sababu tanini za chai zimeshikana na protini za maziwa, zikaziacha za mate salama.

Kwa hiyo mwonjaji hodari haulizi kama ukakasi upo. Huuliza ni wa namna gani, na una mwenzi gani. Huuzungusha mvinyo kinywani, akavuta hewa kidogo midomoni ili harufu ipande puani kwa njia ya kooni, kisha hutema katika tasa, akanyamaza. Ukakasi mwema huenea kinywani kote kama mahameli, na chini yake ladha ya tunda haikatiki. Ukakasi mbaya hukwaruza mahali pamoja, ukaacha uchungu wa kokwa zilizokamuliwa kupita kiasi. Wafaransa huhesabu muda ambao harufu hubaki baada ya kutema, kila sekunde wakiiita kodali moja. Tunda likiisha mapema, ukakasi ukabaki peke yake, mvinyo huo unaelekea kuzeeka ukiwa mkavu. Vikienda pamoja hadi mwisho, una umri mrefu mbele yake. Maana tanini ndiyo akiba ya uzee. Louis Pasteur, katika kitabu chake cha mwaka 1866 juu ya mvinyo, alieleza kwamba hewa iingiayo kidogo kidogo huukomaza mvinyo, na leo twajua kwamba oksijeni hiyo huzisaidia tanini kuungana zenyewe kwa zenyewe na pamoja na rangi, nyingine zikazama kuwa mashapo, na kilichokuwa kikikwaruza kikalainika.

Hatari iliyobaki ni jina. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Paris, madalali wa Bordeaux waliyapanga mashamba ya mvinyo mwekundu katika madaraja matano kwa kufuata bei, wakayatanguliza manne: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion, Mouton likapandishwa kujiunga nayo mwaka 1973. Orodha hiyo ingali ikiwanyenyekeza watu kabla bilauri haijafika mdomoni. Na udhaifu wa hisi zetu umedhihirishwa Bordeaux kwenyewe: mwaka 2001 ilichapishwa habari ya jaribio ambamo wanafunzi 54 wa ilimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliihadaa pua. Ndiyo sababu mwenye insafu huifunika chupa kwa kitambaa kabla ya kuonja, maana kadhi mwadilifu hamwulizi mtu nasaba yake ndipo asikilize ushahidi.

Mwaka 2012 shamba la Latour, lililoko Pauillac, lilitangaza kwamba halitauza tena mvinyo ungali pipani, bali litauweka ghalani kwake mpaka ukaribie wakati wa kunywewa. Naona heshima kubwa katika uamuzi huo. Mengi ya mashamba mengine yamebaki na desturi ya zamani, na kila Aprili waonjaji huinuka mezani meno yao yamegeuka meusi kama ya watoto waliotoka chini ya mzambarau. Haki wanayodaiwa na mvinyo huo ni kuuandika ukakasi wake kama walivyoukuta, bila kuusamehe kwa ajili ya jina, wala kuulaumu kwa ajili ya umri.