Je, Wajua? Orodha ya Nyimbo ni Maandishi Matupu

Je, wajua kwamba asiyeona pale Ekero, karibu na Mumias, anaweza kupanga nyimbo za harusi nzima kwenye kompyuta bila kugusa kipanya? Orodha ya nyimbo ya aina ya M3U ni maandishi matupu: katika umbo lake sahili, kila mstari ni jina la faili ya wimbo mmoja. Ifungue kwa Notepad, na programu ya kusoma skrini itakutamkia mstari baada ya mstari kila ubonyezapo mshale wa chini. Wimbo wa ngoma ya isukuti umekaa mwisho, nawe wautaka bibi harusi anapoingia? Teua mstari wake, ukate kwa Ctrl na X, panda juu, ubandike kwa Ctrl na V, kisha uhifadhi. Programu ya kucheza muziki ya VLC itazicheza kwa mpangilio huo huo. Ila zipe faili majina yanayoeleweka. “07” tupu haimfai anayetegemea sikio.

NVDA, mojawapo ya programu za kusoma skrini, ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Aliona si haki asiyeona alipe zaidi ili atumie kompyuta ile ile.