Kwa Nini Kila Juzuu ya Majarida Ina Bakodi Yake

Hebu geuza jarida lolote la dukani utazame jalada. Utaona vimistari vyeusi vilivyosimama kama ua wa fito, chini yake tarakimu. Hiyo ndiyo bakodi. Mashine ya duka iliisoma kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, Ohio, Marekani, na bidhaa yenyewe ilikuwa pakiti ya chingamu!

Sasa, maktaba za vyuo vikuu hukusanya matoleo ya mwaka mzima, 4 au 12, na kuyajalidi yawe juzuu moja nene. Mtu atauliza: si kila toleo lina mistari yake tayari? Ya nini kubandika mingine? Lakini bwana, mistari ya mchapishaji hutaja jarida na toleo tu. Nakala zote za toleo hilo zinafanana. Tena ndani ya juzuu yamo matoleo 12, mashine isome lipi? Na majarida ya zamani hayana mistari kabisa. Maktaba inataka kujua kitu hiki kilicho mkononi kiko wapi na nani amekiazima. Ni kama nambari ya usajili hapa shuleni: darasani kuna akina Wanjiku wawili, kila mmoja na yake.

Katika maktaba nyingi za Marekani nambari hiyo ina tarakimu 14. Ya kwanza ikiwa 3, ni kitabu au juzuu. Ikiwa 2, ni kadi ya msomaji. Nne zinazofuata ni za maktaba, nane ni za kitu chenyewe. Ya mwisho ni mlinzi, hupatikana kwa hesabu kutokana na zile 13. Ukikosea tarakimu moja tu ukiandika kwa mkono, kompyuta inakugomea.

Walakini mlinzi huyo hajui kusoma mgongo wa juzuu. Lebo ya 1981 ikibandikwa kwenye juzuu ya 1982, nambari ni halali na kompyuta imeridhika. Mtu akiazima ile ya 1982, anayetafuta makala ya 1981 ataambiwa imetoka, kumbe iko rafuni inamtazama. Balaa! Kwa hivyo mkutubi husoma mgongo, kisha hufungua ndani aone toleo la kwanza na la mwisho, maana wajalidi nao huunganisha miaka miwili jarida likiwa jembamba.

Kosa hilo ni baya zaidi ghalani. Katika ghala la Chuo Kikuu cha Harvard, lililofunguliwa 1986, vitabu vilipangwa kwa kimo, si kwa mada. Humo huwezi kupekua rafu ya jirani. Lebo ikikosewa, juzuu hiyo itaonekana tena kwa bahati tu.