Minyororo Miwili ya Sukari Iliyomuumbua Bingwa wa Theluji

Asubuhi ya tarehe 21 Februari 2002, katika bonde la Soldier Hollow, jimbo la Utah nchini Marekani, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Salt Lake City, wanawake wa mbio za skii walipimwa damu kabla ya kushindana mbio za kupokezana, watu wanne kwa kila timu, kilomita 5 kwa kila mtu. Urusi ndiyo iliyokuwa ikiogopwa. Ilikuwa imechukua dhahabu ya mbio hizo katika Olimpiki ya Lillehammer mwaka 1994 na ya Nagano mwaka 1998, na mwaka 1992 wanawake wake waliitwaa kule Albertville wakiwa kwenye timu ya pamoja iliyoundwa baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika. Larisa Lazutina alikuwamo mara zote tatu.

Asubuhi hiyo damu yake ilizidi kikomo. Kanuni haikuwa na mjadala: aliyezidi haanzi. Muda wa kumwingiza mwingine ulikuwa umepita, kwa hiyo Urusi nzima ikatolewa kabla hata ya kukanyaga theluji. Viongozi wa msafara wao walikasirika hadi wakatishia kufunga mizigo na kurudi nyumbani. Dhahabu ikaenda Ujerumani.

Kipimo chenyewe si kigeni kwetu. Mama mjamzito akienda kliniki huchomwa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kimashine, na muuguzi akamwambia: damu yako ni kumi na moja, kula mboga za majani na umeze vidonge. Hiyo kumi na moja ni gramu za hemoglobini katika desilita moja ya damu, yaani ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Kwa kawaida mwanamke mwenye afya huwa kati ya 12 na 16. Shirikisho la kimataifa la skii liliweka kikomo cha 16 kwa wanawake. Mama zetu wanahangaika kuipandisha ifike 12. Kule Soldier Hollow kosa lilikuwa kuzidi.

Lakini kuzidi si sawa na kudanganya, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Zamani Finland ilikuwa na mwanaskii aliyeitwa Eero Mäntyranta, mshindi wa medali saba za Olimpiki, mbili kati yake za dhahabu alizozipata katika mbio za mtu mmoja mmoja mwaka 1964. Damu yake ilikuwa nzito kupita kiasi, hemoglobini zaidi ya 20, na minong'ono ilimfuata maisha yake yote. Mwaka 1993 wanasayansi waliochunguza ukoo wake walitoa jibu. Mäntyranta na ndugu zake kadhaa walirithi hitilafu katika jeni moja. Seli zinazozaa chembe nyekundu zina kipokezi kinachosikia amri ya kuzaliana, na mkia wa kipokezi hicho ndio wenye breki. Kwao mkia ulikuwa mfupi. Amri ikishaingia, hakuna wa kuizima. Alizaliwa na kile ambacho wengine wangekuja kukitafuta kwa sindano.

Kwa hiyo wingi wa damu peke yake ungeweza kumzuia mtu kuanza mbio, kwa ajili ya usalama wake, maana damu ikiwa nzito kama uji moyo hupata taabu kuisukuma na mishipa huweza kuziba. Haukuweza kumtia hatiani. Ushahidi ulipaswa kutoka kwingine, nao ulitoka kwenye mkojo.

Amri niliyoitaja hutoka kwenye figo. Figo hazichuji uchafu tu. Zinapima pia oksijeni iliyomo ndani ya damu. Oksijeni ikipungua, protini fulani ambayo kwa kawaida huvunjwavunjwa mara inapoundwa huachwa ibaki, nayo huwasha jeni ya homoni iitwayo erithropoietini, maarufu kwa herufi tatu: EPO. Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kufumbua jinsi swichi hii inavyofanya kazi. EPO husafiri ndani ya damu hadi kwenye uboho wa mifupa na kuuamuru uzalishe chembe nyekundu. Mwili hutengeneza takriban milioni mbili kila sekunde, na kila chembe huishi kama siku 120. Ndiyo maana wanariadha hupanda milimani. Hewa ya Iten nchini Kenya, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, huzifanya figo zitoe EPO kwa njia ya halali kabisa.

Figo zikifa, amri hukoma. Aliyewahi kumsindikiza mgonjwa kwenye chumba cha kusafishia damu anaijua sura ile: viganja vyeupe, pumzi inayokatika kwa ngazi tano tu. Ni kwa ajili ya watu hao EPO ilitengenezwa maabara miaka ya 1980. Baadaye watengenezaji wakajiuliza kama inawezekana kuwapunguzia wagonjwa sindano. EPO ya asili ni protini iliyobeba minyororo mitatu mirefu ya sukari. Wakabadilisha viungo vichache vya protini hiyo ili ibebe minyororo mitano. Miwili ya ziada iliifanya idumu ndani ya damu takriban mara tatu zaidi. Dawa mpya ikaitwa darbepoetini, na ikaidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2001, miezi michache tu kabla ya Olimpiki ya Salt Lake City.

Kwa mwanaskii anayetaka njia ya mkato, kishawishi cha dawa kama hii ni kikubwa. Mkimbiaji hutumia miguu zaidi. Mwanaskii husukuma kwa fimbo na kuteleza kwa miguu, kwa hiyo mabega, mgongo, tumbo na mapaja yote yanadai oksijeni kwa wakati mmoja. Mapafu yake hayana shida kuijaza damu. Kinachokwamisha ni uwezo wa damu kuibeba na moyo kuisukuma. Ongeza chembe nyekundu, na mtu anapanda kilima cha mwisho kama anavyopanda cha kwanza.

Lazutina, mzaliwa wa Kondopoga katika Karelia, hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na dhahabu 11 za ubingwa wa dunia, nne kati yake alizoa Thunder Bay, Kanada, mwaka 1995. Nagano 1998 alishiriki mbio tano na kurudi na medali tano, tatu za dhahabu, na nchi yake ikamtunuku nishani ya Shujaa wa Shirikisho la Urusi. Medali hizo za Nagano hazijaguswa na mtu hadi leo. Salt Lake City alikwenda akiwa na miaka 36, na kabla ya asubuhi ile ya kupimwa alikuwa ameshapata fedha mbili.

Siku tatu baada ya timu yake kuzuiwa, tarehe 24 Februari, damu ikiwa imerudi chini ya kikomo, alianza kilomita 30 na kuzishinda. Alivuka mstari akiwa bingwa. Hakukaa na ubingwa huo.

Mwaka 2000 Françoise Lasne na Jacques de Ceaurriz, kwenye maabara ya Châtenay-Malabry karibu na Paris, walikuwa wamechapisha njia ya kutenganisha EPO ya mwilini na ya kiwandani. Mkojo huchujwa hadi ubaki matone, kisha huwekwa kwenye jeli ambayo upande mmoja una asidi nyingi kuliko mwingine, na umeme hupitishwa. Kila molekuli husafiri hadi pale chaji yake inapokuwa sifuri, na hapo husimama. Zikipakwa kingamwili zinazong'aa na kupigwa picha, huonekana kama vidato vya ngazi. Vidato vya EPO ya asili hukaa mahali pake, vya EPO ya kiwandani hukaa pengine.

Sasa ikumbuke ile minyororo miwili. Ncha za minyororo ya sukari zina asidi ya siali. Minyororo ikiongezeka, asidi inaongezeka, na molekuli hukimbilia upande wa asidi wa jeli, mahali ambapo hakuna EPO ya binadamu inayofika. Wataalamu wa maabara ya Don Catlin ya Los Angeles waliopima sampuli za michezo ile waliona vidato vimejitenga pembeni kabisa. Kilichoifanya dawa idumu mwilini ndicho kilichoifanya isiweze kujificha. Huenda waliotumia walidhani dawa changa kama ile haina kipimo. Kumbe ilikuwa rahisi kuitambua kuliko ile ya zamani. Hapakuwa na nafasi ya kusema "nimezaliwa hivi", kama Mäntyranta alivyostahili kusema, kwa sababu hakuna binadamu anayezaliwa na minyororo mitano.

Vidato hivyo vilionekana kwa watatu: Lazutina, mwenzake Olga Danilova, na Johann Mühlegg, mzaliwa wa Ujerumani aliyeiwakilisha Hispania. Dhahabu ya kilomita 30 ikahamia kwa Gabriella Paruzzi wa Italia. Kuwanyang'anya medali za siku za mwanzo kulichukua muda zaidi kwa sababu sampuli za siku zile hazikuwa na kasoro. Hata hivyo, darbepoetini ilikuwa pia kwenye sampuli ambayo Lazutina alitoa Desemba 2001, kabla ya michezo kuanza. Alikata rufaa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo na kushindwa. Akafungiwa miaka miwili, hakurudi mashindanoni tena, akaingia kwenye siasa za mkoa wa Moscow. Mjini Odintsovo kuna njia ya skii yenye jina lake, na watu wanaitumia hadi leo.

Naye Beckie Scott wa Kanada, aliyeingia wa tatu nyuma ya Danilova na Lazutina katika mbio za kufukuzana, aliondoka Salt Lake City na shaba. Nchi yake ilipigania haki yake, na shaba ikawa fedha mwaka 2003. Desemba mwaka huohuo ukatoka uamuzi wa mwisho kuhusu medali hizo. Juni 2004, mjini Vancouver, wakati wa kiangazi, theluji haipo na wapinzani wake hawapo, akavishwa dhahabu ya mbio alizokimbia zaidi ya miaka miwili nyuma.