Mali Inaposhtakiwa Badala ya Mwenyewe

Sheria za Marekani zina njia mbili za kutaifisha mali inayohusishwa na uhalifu. Ya kwanza ni ya jinai: mtu hushtakiwa, hutiwa hatiani, kisha hunyang'anywa alichochuma kwa uhalifu wake. Ya pili ni ya madai, na hapo anayeshtakiwa ni mali. Ndiyo maana majalada ya mahakama za huko yana kesi kama ile ya Marekani dhidi ya Dola 124,700 Taslimu. Katika njia hii serikali haitakiwi kuthibitisha kosa bila kuacha shaka, na kwa kawaida mwenye mali hapewi wakili wa kulipiwa na serikali. Anaweza asishtakiwe hata siku moja, na bado akaipoteza.

Kesi hiyo ilianzia katika barabara kuu ya Nebraska mwaka 2003. Polisi walisimamisha gari la kukodi lililokuwa likienda kasi, wakalipekua, wakakuta fedha hizo. Dawa za kulevya hazikupatikana. Dereva, ambaye mwanzoni alikana kubeba fedha, alieleza kwamba yeye na wenzake walizichanga ili wanunue lori la jokofu. Jaji wa kwanza aliamuru zirudishwe. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo, ikisema kwamba wingi wa fedha, namna zilivyofungwa na dalili aliyoitoa mbwa wa kunusa vilitosha kuzihusisha na biashara ya dawa za kulevya.

Asili ya utaratibu huu ni bahari. Mwenye meli ya magendo aliweza kuwa ng'ambo, asikofikika, lakini meli ilikuwa imetia nanga bandarini. Basi ikashtakiwa meli. Bunge la kwanza la Marekani liliingiza kanuni hiyo katika sheria za ushuru mwaka 1789. Kwa mhalifu aliyetoroka au aliyekufa akiacha utajiri wa haramu, hoja hiyo ina maana hadi leo. Vita dhidi ya dawa za kulevya ndivyo vilivyoitoa bandarini na kuipeleka barabarani: sheria ya 1970 iligusa vyombo vilivyobeba dawa hizo, na mwaka 1978 zikaongezwa fedha.

Badiliko zito kuliko yote lilikuja mwaka 1984. Kabla ya hapo fedha zilizotaifishwa na serikali ya shirikisho ziliingia katika hazina kuu. Sheria mpya iliunda mfuko maalumu wa vyombo vya dola, ikaanzisha pia mgawo ambao polisi wa majimbo wanaoshirikiana na shirikisho huweza kupata hadi asilimia 80 ya mali. Tangu hapo anayekamata ndiye anayefaidi. Askari aliyesimama barabarani amepewa sababu ya kutafuta fedha kuliko kutafuta dawa, kwa maana dawa huteketezwa lakini fedha hununua magari ya kituo. Hapa ndipo ulipo mzizi wa uovu wote unaofuata.

Katika mji mdogo wa Tenaha, Texas, madereva waliokuwa wakipita, wengi wao Wamarekani weusi, walisimamishwa na kutakiwa kusaini karatasi za kuachia fedha zao, la sivyo wafunguliwe mashtaka; wazazi wengine walitishiwa kunyang'anywa watoto. Kesi ya pamoja dhidi ya mji huo ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2012. Huko Philadelphia, waliotaka kurudishiwa mali waliitwa katika chumba namba 478 cha City Hall, ambamo shughuli ziliendeshwa na waendesha mashtaka wenyewe, bila jaji. Familia moja ilikaribia kupoteza nyumba kwa sababu kijana wao aliuza dawa za dola 40. Mwaka 2018 jiji lilikubali kubadili utaratibu.

Mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilihesabu matukio 61,998 ya kukamata fedha yaliyofanyika bila hati ya mahakama tangu Septemba 2001 kupitia mpango wa mgawo, yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2.5. Nusu ya matukio hayo yalikuwa ya chini ya dola 8,800. Gharama ya wakili yaweza kuzidi kiasi hicho, kwa hiyo wengi huacha haki yao ipotee.

Mwaka 2017 askari wa kikosi maalumu cha silaha cha Baltimore walikamatwa kwa kuwaibia raia fedha, na sajini wao akafungwa miaka 25. Hao walivunja sheria. Dereva wa Tenaha alipokonywa kwa karatasi na saini, na hilo ndilo baya zaidi: rushwa iliyopewa fomu ni ngumu kuishtaki.

Marekebisho yamekuja kwa vipande. Sheria ya mwaka 2000 iliipa serikali mzigo wa ushahidi, lakini kwa kiwango cha madai tu. New Mexico ilifuta njia ya madai mwaka 2015, Nebraska ikafuata 2016, Maine 2021. Kwingineko mgawo wa shirikisho huwapa polisi mlango wa kukwepa sheria za majimbo yao. Mwaka 2019, katika kesi ya Timbs, Mahakama ya Juu iliamua kuwa majimbo nayo yanabanwa na katazo la adhabu za fedha zilizopindukia. Mwaka 2024, katika kesi ya Culley, ilikataa kuwapa wenye magari yaliyokamatwa haki ya kusikilizwa mapema wakati wakisubiri kesi. Muswada wa kurudisha fedha zinazotaifishwa katika hazina kuu ulipitishwa na kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi mwaka 2023 bila kura hata moja ya kuupinga, lakini Bunge la wakati huo lilimaliza muda wake bila kuufanya sheria.