Una Nini Nyumbani?



Wasafiri wa Amu waendao kisiwa cha Pate wanalijua gati la Mtangawanda. Maji yakitoka, chombo hungoja mpaka yajae. Siku moja, tukingoja hapo, tuliketi na mvuvi mmoja. Simu yake ikalia; akaitazama, akairudisha mfukoni. Ikalia tena. Akasema, "Ni wenye kunidai. Mke wangu hajui."

Alikuwa amekopa shilingi 2,000 kwa simu wakati wa kusi, bahari ilipochafuka asiweze kuvua. Siku 30 zikaisha, kusi haijaisha. Akakopa kwingine ili alipe kule.

Wako wengi kama yeye. Tangu M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, mtu nchini Kenya aweza kukopa bila kumwona karani wala kutafuta mdhamini. Ada ilipoanza ilikuwa 7.5 kwa mia. Basi tupige hesabu: kwa shilingi 2,000 ni shilingi 150 kwa mwezi. Mkopo kama huo ukifanywa upya mara 12, mtu ametoa shilingi 1,800, na zile 2,000 angali anadaiwa zote.

Je, ndugu, tuanzie wapi? Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 4, mjane alimlilia Elisha kwa sababu mwenye kumdai alitaka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumlaumu. Alimwuliza ana nini nyumbani, kisha akamtuma kwa majirani kuazima vyombo. Mafuta yalipopatikana, agizo lilikuwa: uza, lipa deni, mle kwa kilichobaki.

Nasi tufuate utaratibu huo. Kwanza, tuwaambie wa nyumbani, tuandike kila deni: la nani, kiasi gani, ada yake, siku ya kulipa. Pili, tusikope tena ili kulipa deni. Tatu, tumwendee anayetudai kabla ya siku kufika, tuombe kulipa kidogo kidogo, na mapatano yaandikwe. Mvuvi aahidi kiasi anachoweza kupata wakati wa kusi, si wakati wa kaskazi.

Tena tusiogope vitisho. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kumtisha au kumtukana mdaiwa, au kuwapigia ovyo watu ambao namba zao zimo katika simu yake. Na kwa deni zito, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ina njia kwa asiye na mali, ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4: akikubaliwa, baada ya miezi 12 madeni yake mengi hufutwa. Lakini anayeficha mali hana nafasi hapo.

Na sisi tusiodaiwa, je, tu majirani wa namna gani? Mjane alipobisha milangoni, walimpa vyombo. Mwenye deni akija kwetu, tusimpe masengenyo.

Maji yalipojaa Mtangawanda, mvuvi yule alikuwa ameshika simu yake. Safari hii alikuwa akimpigia mkewe.

Tuombe: Ee Bwana, utupe ujasiri wa kusema kweli nyumbani kwetu, na moyo wa kumhurumia anayedaiwa. Amina.