Upepo wa Loiyangalani na Umeme Unaopita Juu ya Manyatta

Katika eneo la Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, imesimama mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa kuzalisha jumla ya megawati 310. Twaulizwa mara kwa mara kwa nini ilipelekwa mbali namna ile, penye mawe na jua kali. Sababu ni upepo wenyewe. Hewa itokayo kusini-mashariki hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia, nayo huongeza kasi kama mto upitao kwenye mwanya mwembamba.

Kasi hiyo ina uzito kuliko tudhanivyo: ikizidi mara mbili, nguvu iliyomo katika upepo huzidi mara nane. Kila mtambo una mapanga matatu ya urefu wa takriban mita 25, yenye umbo la bawa la ndege. Upepo unapoyapitia, shinikizo la hewa huwa kubwa upande mmoja na dogo upande wa pili, nayo huzunguka. Mzunguko huo ni wa polepole; gia huuongeza kabla haujafika kwenye jenereta, ambamo uga wa sumaku huzunguka kati ya nyaya za shaba na kuzalisha umeme.

Mitambo ilikamilika mwaka 2017, lakini ilikaa bure zaidi ya mwaka mmoja, kwa kuwa laini ya kilomita zaidi ya 400 hadi Suswa haikuwa tayari. Laini hiyo ni ya kilovolti 400. Msongo mkubwa hupunguza upotevu wa umeme njiani, ila hauwezi kuingizwa nyumbani pasipo kituo chenye transfoma za kuushusha, na kituo cha namna hiyo ni ghali. Ndiyo maana mtoto aweza kuishi chini ya nyaya hizo na bado akasoma kwa koroboi.

Tena lipo suala la ardhi, ambalo kwetu ni zito zaidi. Katika Waraka wa Kitume Laudato si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alitaka jamii za wenyeji ziwe washiriki wakuu wa mazungumzo miradi mikubwa inapopangwa katika ardhi yao. Huku mradi ulipewa ekari 150,000 za malisho, na mwaka 2014 wakazi wakaenda mahakamani. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru ilitamka kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa kinyume cha taratibu. Mapanga yaliendelea kuzunguka huku shauri likibishaniwa.